Jelule za Sumu ya Nyoka na Muguu wa Feza

Watoto wangu wa shule ya uuguzi, siku ile mulipokuja nyumbani na lile sanduku lenye picha ya nyoka, mukaniuliza, "Papa Amisi, tuwaambie watu wameze ao wasimeze?", mulinikuta na maneno mengi mukaniacha sina hata moja. Mulienda mukisema muzee amechoka. Hapana, sikuchoka. Nilikuwa nimechanganyikiwa, na hata leo ninapowaandikia bado nimechanganyikiwa. Miaka zaidi ya thalathini nimetibu watu walioumwa na nyoka, Kabambare, Lusangi na huku Kasongo, na sasa kitu kinachouzwa sokoni kwa jina la sumu ile ile kimenishinda kueleza.

Lakini swali lenu linataka jibu, na mimi niko na sababu yangu ya kulijibu. Dada yangu mudogo, Feza, mwanamuke wa mashamba ya mupunga kule Lusangi, alimeza jelule zile, vidonge vya sanduku lenu, miezi mitatu. Kisha nyoka akamuuma, na hakwenda kutibiwa kituoni. Nitawaambia yaliyomupata. Nitawaambia pia kosa langu, maana kosa liko, na si la yule anayeuza peke yake. Munivumilie nikizunguka. Mutu akistaafu, kitu kimoja tu wanachomuachia ni ruhusa ya kuzunguka.

Nilipoanza kazi kule Kabambare nilikuwa na diploma, koti jeupe na kichwa kikubwa. Mukubwa wa kituo alikuwa Papa Donati, mutu mufupi wa kabila la Wabangubangu, Mukristu wa misa ya kila asubuhi, mwenye mudomo mukali kuliko sindano zake. Juma langu la kwanza walimuleta mukulima aliyeumwa kwenye kisigino. Ndugu zake walikuwa wamefunga muguu kwa mupira wa gurudumu la baiskeli, wamekaza mupaka nyayo imekuwa nyeusi. Mimi nikachukua wembe. Kitabu changu, kilichokuwa kimezeeka kuliko mimi, kilisema kata kidonda, toa damu. Papa Donati akanikamata mukono.

"Weye, mutoto, nyoka amemuuma mara moja. Unataka kumuuma mara ya pili?"

Nikaona haya mbele ya familia yote. Lakini siku ile nilijifunza mambo ambayo sijayaacha. Mutu akiumwa, kwanza mutoe pete, bangili, shanga za muguuni, maana akivimba hazitatoka tena. Mufunge kiungo kwa ubao, kama umevunjika, kisitikisike. Mubebe, asitembee. Chukua kalamu, piga mustari juu ya ngozi pale uvimbe umefika, andika saa. Saa moja ikipita, piga mwingine. Mistari ile inakuambia ukweli hata kama mugonjwa anakudanganya kwamba anaendelea muzuri. Na wagonjwa wetu, mutaona wenyewe, wanadanganya sana kwa kuogopa sindano.

Familia ile ilikuwa pia imebandika jiwe jeusi juu ya kidonda. Jiwe lile si jiwe, ni mufupa wa ng'ombe uliochomwa. Linanata kwa damu, likijaa linaanguka, watu wanasema limemaliza kunyonya sumu. Nilitaka kulitupa nje. Papa Donati akaliosha, akalifunga kwa karatasi, akamurudishia mwenye nalo kwa mikono miwili.

"Ukitukana jiwe lao," aliniambia baadaye, "siku ingine watabaki nyumbani na jiwe. Acha walete jiwe pamoja na mugonjwa."

Nilikuwa na miaka ishirini na kitu, nilifikiri muzee anaogopa watu. Kumbe alikuwa anahesabu ni wangapi watafika.

Kosa langu kubwa la kwanza mutacheka, na mucheke tu. Kuna kipimo kimoja cha sumu kisichotaka mashine. Unatia damu kidogo ndani ya chupa ndogo ya kioo, safi na kavu, unaiweka mezani bila kuigusa kwa dakika makumi mbili. Kisha unaiinamisha. Damu ikiwa imeganda, afazali. Ikimwagika kama maji, sumu imeingia. Sasa, Ramazani fundi wa kushona alikuja anachechemea, aliumwa gizani ndani ya choo, hakuona kilichomuuma. Nikapima. Dakika makumi mbili, damu ni maji. Nikapima tena, maji. Nikafungua serumu, dawa ya sindano inayovunja sumu, na serumu ilikuwa moja tu, nikamupa yote.

Asubuhi bibi yake Ramazani akaja na yule adui ndani ya kibakuli, wamemuua nyuma ya choo. Panya. Panya munene kabisa, lakini panya.

"Chupa uliiosha na nini?" Papa Donati akaniuliza.

"Na sabuni ya unga, Papa. Nilitaka iwe safi sana."

Alicheka mupaka akakaa chini. Sabuni ikibaki ndani ya kioo damu haigandi, hata ya mutu muzima asiyeumwa na kitu. Kisha akaacha kucheka, akasema serumu ile ilikuwa ya musimu muzima wa mavuno. Majuma yaliyofuata kila nilipoona mutu anabebwa kwa kipoyi, machela yetu ya miti, nilikimbia kumuangalia miguu kwanza. Mungu alituhurumia, serumu ingine ikafika kabla ya nyoka. Ramazani naye akanishonea shati, akaniita mukombozi wake, na mimi nikalivaa bila kusema kitu.

Sasa nakuja kwa farasi, na hapo ndipo kosa lenyewe lilipozaliwa.

Ninyi wa muji labda hamujui chale za nyoka. Kule mashambani watu wengi wako nazo mupaka leo, vijialama vidogo kwenye vifundo vya miguu na vya mikono. Fundi wa dawa anachoma kichwa cha nyoka, anasaga makaa yake na majani anayoyajua mwenyewe, anakuchanja kidogo, anakusugua. Baada ya hapo, wanasema, nyoka hatakuuma, na akikuuma hautakufa. Mimi na Feza tulichanjwa siku moja, tukiwa wadogo. Mimi nililia, yeye hakulia.

Kwa sababu ya chale zile watu hawakuwa wanaamini serumu. Walisema ni maji ya Wazungu. Basi nikatafuta namna ya kuwafungua akili. Kila musimu wa mavuno, mbele ya kituo, mbele ya musikiti, mbele ya kanisa, nilikuwa nasimama na ubao wangu nawaambia: serumu inatoka kwa farasi. Wanamupiga farasi sindano ya sumu kidogo sana, tone. Anaugua kidogo, anapona. Siku zikipita wanaongeza. Wanaongeza tena. Mwisho damu yake imejifunza, hata nyoka amuume, anamuangalia tu. Wanatoa damu ile, wanachuja maji yake, wanayatia ndani ya chupa. Ndiyo hii!

Hakuna aliyekuwa ameona farasi. Nilimuchora, akafanana na mbuzi mwenye hasira. Lakini walipenda! Walikuwa wananiita Muganga wa Farasi, watoto wakinifuata njiani wanapiga kelele wanazofikiri ni za farasi. Na watu walianza kuja. Niliona fahari, siwafichi. Kwa miaka yote ile hakuna aliyeniuliza: kama farasi anajifunza, mutu hawezi kujifunza? Ao waliuliza wenyewe kwa wenyewe, na mimi sikusikia.

Nikastaafu, nikarudi Kasongo kukaa na bibi yangu wa ndoa, Mwamini. Hazikupita siku nyingi, sokoni akatokea Mwalimu Idi. Ni mutu muzuri, alifundisha shule ya musingi zamani, anajua kusema, na siku hizi anatembea kwa moto, ndiyo pikipiki, na kipaza sauti kila siku ya soko, Kasongo, Lusangi, mupaka kule Nyangwe. Anauza jelule, vile vidonge vya ganda laini vyenye unga ndani. Juu ya sanduku kuna nyoka aliyesimama, na chini yake wameandika kwamba ndani iko peptide za sumu ya nyoka, za kupa nguvu, magoti, tansion (ndiyo presha ya damu), usingizi, ngozi na mambo ya ndoa.

Nilikwenda kumukemea. Nilikuwa na hoja yangu tayari, na mushike vizuri, itawasaidia. Mwili unajengwa na vitu vidogo vilivyoshikana kama shanga kwenye uzi. Uzi murefu tunauita protini, uzi mufupi ndiyo peptide. Sumu ya nyoka imejaa nyuzi hizo, na kila moja iko na kazi: hii inamwaga damu, ile inashusha tansion, ingine inaua nyama. Lakini ukiumeza uzi ule, tumbo halijali umetoka kwa nyoka ao kwa maharagi. Linakata shanga moja moja. Ni sababu ile ile insulini ya watu wa sukari haimezwi, inapigwa sindano.

"Kwa hiyo unauza maharagi," nilimuambia.

"Papa Amisi," akaniuliza polepole, mwalimu kabisa, "dawa iliyotoka kwa sumu ya nyoka haiko duniani?"

Hapo nikakwama, maana iko. Daktari mumoja mugeni alitufundisha zamani: dawa moja ya tansion, tuliyokuwa tunaitoa kila siku kwenye kituo, ilianzia kwa watu waliochunguza sumu ya nyoka wa Amerika ya Kusini. Walijifunza namna anavyoangusha tansion, wakatengeneza kiwandani kidonge ambacho tumbo haliwezi kukiharibu. Nyoka mwenyewe hayuko ndani. Yote hayo nilitaka kumueleza.

"Ziko," nikasema, "lakini..."

"Ahaa!" Na kipaza sauti kikawaka. "Musikie! Hata Papa Amisi, infirmie, muuguzi wa miaka na miaka, amesema ziko!"

Watu wakanipigia makofi. Nilisimama pale nikisema "lakini, lakini", na hakuna aliyetaka ile lakini.

Na kuna kitu kingine naona haya kuwaambia. Idi alinipa sanduku moja zawadi, na mimi nilimeza. Majuma mawili, asubuhi na jioni, kwa siri. Magoti yangu yalikuwa yananitesa. Na wallahi, yakawa mepesi! Nikamuambia Mwamini mwishowe.

"Ni kwa sababu ya baiskeli," akasema bila kuinua macho kutoka kwa muchele aliokuwa anachambua.

Baiskeli yangu ilikuwa imekatika munyororo tangu majuma mawili. Sikuwa napanda kilima cha musikiti tena. Basi, ni nyoka ao ni baiskeli? Nimekaa na swali hilo mupaka leo. Unga ule ni nini, sumu ya kweli, maharagi, ao dawa ya maumivu mutu ameichanganya bila kuandika? Sina mashine ya kuupima, na yeye Idi pia hana. Ndiyo sababu siku ile sikuwajibu.

Siku ya arusi ya mutoto wa kaka yetu, Feza alikuja kutoka Lusangi, akalala kwetu. Nyumba imejaa watu, mimi nimevaa kanzu, naitwa nje, na siioni miwani yangu. Feza akaingia chumbani na sanduku la Idi mukononi.

"Kaka, ndani ya hii iko sumu ya kweli?"

"Wanasema iko. Kidogo."

"Kidogo kidogo kila siku, vile wanafanyaka farasi?"

"Eh, ni kama vile," nikamujibu. Nilikuwa nimeinama, kichwa changu kiko chini ya kitanda.

Ni hayo tu. Maneno mane. Sikugeuka hata kumuangalia. Nilipata miwani, nikatoka, nikakula wali wa arusi.

Miezi mitatu baadaye, wakati wa kuvuna mupunga, shemeji yangu Saleh, mume wa Feza, akanipigia simu asubuhi.

"Kaka, Feza aliumwa na piri." Piri ni yule nyoka mufupi munene anayelala njiani, hakimbii. "Aliumwa juzi."

"Juzi! Na unanipigia leo?"

"Ni yeye alikataa. Anasema damu yake imejifunza."

Nilipanda moto sikuaga mutu, na njia yote ile ya matope nilikuwa najiambia, hapana, hakusema hivyo, Saleh amesikia vibaya.

Nilimukuta amelala juu ya mukeka nyuma ya nyumba. Ni harufu iliyonipokea kabla ya watu. Muguu wa kushoto ulikuwa umevimba mupaka juu ya goti, ngozi imepasuka, malengelenge meusi yanatoa maji, na bangili yake ya shaba imezama ndani ya nyama. Damu ilikuwa inatoka polepole kwenye fizi. Akanichekea.

"Kaka, usiniangalie vile. Inavimba kwa sababu inapigana. Farasi naye anauguaka kwanza, sivyo?"

"Nani alikuambia hivyo, Feza?"

"Ni weye. Siku ya arusi."

Nililia. Infirmie halii mbele ya mugonjwa, nimefundisha wengi hivyo, lakini nililia kama mutoto, na ni yeye aliyenishika mukono akaniambia basi, basi, kaka.

Tulikata bangili kwa mukasi wa kukatia bati. Tukafunga muguu kwa ubao wa mulango, tukamuweka juu ya pikipiki katikati ya mwenye kuendesha na Saleh, mimi nyuma na moto ingine. Kufika lopitali Kasongo wakatia damu yake ndani ya chupa ya kioo. Dakika makumi mbili, kisha muuguzi mumoja kijana akaiinamisha, na damu ikakimbia kama chai. Serumu tulitafuta nusu ya muchana, tukapata chupa moja kwa mufamasia wa muji. Kesho yake damu yake ikaanza kuganda tena, tukamushukuru Mungu. Lakini serumu inakamata sumu iliyobaki mwilini. Nyama iliyokufa haiifufui. Muguu ulikuwa umekwisha kuoza. Daktari akasema kukata chini ya goti, na upesi.

"Nikikataa?" Feza akauliza.

"Utakufa, mama."

Akageuza kichwa kwangu. Sijasahau namna alivyoniangalia, kama mutu anayepima muchele anaofikiri una mawe.

"Kaka, ni kweli?"

"Ni kweli."

"Unajua, ao unatafuta miwani?"

Watu waliokuwa pale hawakuelewa. Mimi nilielewa mupaka kwenye mifupa.

"Najua, Feza."

"Basi wakate."

Kwa hiyo watoto wangu, jibu langu ni hili, na mulipokee na ufupi wake. Kama jelule zile zinasaidia magoti, sijui. Sisemi ndiyo, sisemi hapana, na mutu yeyote wa Kasongo anayewaambia anajua, mumuulize ameipimia wapi. Mwenye tansion asiache vidonge vyake kwa ajili ya nyoka wa picha. Lakini kwa nyoka wa shamba, hilo najua kabisa: hazikingi. Farasi anapigwa sindano chini ya ngozi, na watu wenye kupima, kwa miezi. Hamezi. Na mutu hafanywi farasi. Mutu akiwauliza, muinue kichwa kwanza, mumuangalie machoni, ndiyo mumujibu.

Ningependa kuishia hapo, lakini sivyo mambo yalivyoenda.

Feza aliporudi Lusangi na magongo mawili, alikuta jelule zinauzwa kuliko zamani. Siku ya soko Mwalimu Idi alikuwa anasema kwa kipaza sauti: "Feza wa hapa hapa kwenu! Piri alimuuma, siku mbili bila serumu, na yuko hai!" Na ni kweli, yuko hai. Piri haui kila mutu, wengi wanabaki na maisha wanapoteza kiungo, ninyi munajua, mimi najua. Nendeni mukaeleze hayo sokoni.

Feza akasema wamubebee benchi, akaenda kukaa pembeni ya meza ya Idi. Akapandisha kikwembe mupaka gotini, akaonyesha muguu uliokatwa. Akakaa hivyo mupaka soko likaisha. Jioni akanipigia simu.

"Kaka, leo ameuza zote. Mama mumoja hata alinigusa begani, apate baraka."

"Aka, Feza!"

"Wanaona niko hai. Muguu hawauoni. Soko linalokuja uje ukae na miye. Uwaambie kwa mudomo wako."

Nikaenda. Ilikuwa imenyesha, nilivaa mabuti yangu ya mupira. Nilisimama mbele ya meza ile na nikasema yote, bila ubao, bila kuchora: kwamba nilijibu dada yangu bila kufikiri, kwamba nilikosea, kwamba muguu huu ni wa neno langu. Idi mwenyewe alizima kipaza sauti chake akanisikiliza mupaka mwisho.

"Papa," akasema, na niliona hakuwa anacheza, "mimi nameza kila siku. Bibi yangu anameza. Ningejua iko mubaya, ningemupa?"

Watu wakaondoka wakitikisa kichwa. Akabaki mama mumoja, kijana, mutoto mugongoni, jembe begani, miguu mitupu yenye matope. Alikuwa ameshika sanduku tangu nilipoanza kusema.

"Papa, nimesikia. Hii haizuie nyoka."

"Haizuie, mama."

"Serumu iko hapa Lusangi?"

"Hapana."

"Na Kasongo?"

"Mara iko, mara haiko."

Akafikiri. "Kesho asubuhi naenda kuvuna. Ukiniondolea hii, unanipa nini?"

Miaka thalathini na kitu ya kazi, na hakuna aliyeniuliza swali kama lile. Nikaanza kumuambia habari ya fimbo, kupiga majani kabla ya kukanyaga, kwamba nyoka anauma zaidi chini ya goti. Alisikiliza kwa heshima, lakini macho yake yalikuwa kwenye miguu yangu. Nikaangalia na mimi. Nikakaa kwenye benchi ya Feza, nikavua mabuti, nikasimama nikamupa.

Yalikuwa makubwa. Akachana kitambaa, akakijaza mbele kwenye vidole, akakanyaga huku na huku akajaribu. Akapiga goti kidogo, akasema asante sana, Papa. Kisha akasimama hapo hapo.

"Na watoto? Tunavunaka na watoto wangu wane."

Sikuwa na mabuti mengine. Akangoja kidogo, bila ubaya, kama mutu anayemupa mwenzake nafasi. Kisha akalipa Idi, akatia sanduku ndani ya kitunga chake, akaenda zake na mabuti yangu miguuni.

Feza aliangalia miguu yangu mitupu ndani ya matope. Akasogea, akanipa nafasi kwenye benchi.

"Kaa, kaka," akasema. "Yule mwingine anakuja kununua."